Sahani Iliyorudi Jikoni

Gauthier alikuwa bingwa wa kuanza. Gita aliianza, akaitundika ukutani baada ya nyimbo mbili. Kiingereza alikianza mara tatu, na mara zote tatu kilimshinda pale pale, kwenye kuhesabu hadi ishirini. Kwa hiyo Joëlle, mchumba wake, hakumwonea aliposema, Jumatano ya Majivu, kwamba hapangi tarehe ya ndoa na mtu asiyemaliza kitu.

"Maliza kintu kimoya tu," alimwambia wakitoka kanisani. "Kimoya, Gauthier. Kisha tutazungumuza mambo ya mariage."

Mwanaume akichomwa hivyo husema mengi. Jioni ile ile, mbele ya kwaya nzima, Gauthier alitangaza kwamba Kwaresima hii ataishi kwa mimea peke yake: si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, hadi Pasaka. Siku arobaini, végan kabisa, kama alivyoona kwenye simu. Kwaya ikapiga makofi, Joëlle hakupiga. Basi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kesho yake akagundua kwamba Lubumbashi nzima haina jani lisilojua samaki. Mama Mwansa, aliyeuza chakula karibu na meza ya Gauthier ya kutengeneza simu, alimpakulia sombe, yaani kisamvu.

"Mama, iko na nyama?"

"Ayina nyama, papa. Iko bafretin tu."

"Fretin haiko samaki?"

"Fretin?" Mama Mwansa aliweka chini mwiko wenye vidagaa vitatu vilivyonasa. "Fretin iko goût, ya kutia ladha tu!"

Wiki mbili za kwanza aliteseka kweli. Aliota mbuzi wa kuchoma. Akipita penye michopo, kwa wachoma nyama, alivuka barabara na kuziba pua. Lakini kwa ugali wa bukari, maharagwe, parachichi na lenga-lenga, ule mchicha wa karanga, siku zikasogea, mkanda wake ukaingia tundu jingine, na bwana akaanza kuhubiria watu kuhusu utumbo wao mpaka wakamkimbia. Siku ya thelathini na tatu ilimkuta bado amesimama, naye mwenyewe alishangaa kuliko wote.

Siku hiyo ndiyo aliyoitwa mtaa wa Katuba, nyumbani kwa Mama Bwalya, mama yake Joëlle. Mama huyo alikuwa mjane, na neno la mwisho kuhusu ndoa lilikuwa lake. Kwa desturi ya Wabemba, mkwe hali mbele ya mama mkwe wake wala hazungumzi naye, mpaka siku atakapoingizwa rasmi. Mama anapika, anabaki jikoni, anangojea. Sahani ndiyo inayozungumza.

Gauthier, Mluba aliyekulia Manono, mwenye miaka miwili tu mjini, alielezwa hayo njiani na binamu yake Aristote, aliyefika kutoka Manono mwaka jana na tayari alijua kila kitu.

"Hatakuona we, ataona sahani. Ikirudia yenye kuyala, bila kuguswa, bwana, mambo imekwisha."

Walipoingia uani, kuku mwekundu mnene aliwapita miguuni. Gauthier akamwangalia kwa hofu. Alijua kuku wa ukweni hakataliwi. Akaomba Mungu kimoyomoyo.

Wakaketi sebuleni. Joëlle akaingia, akapiga magoti, akaweka bukari, lenga-lenga na sahani ya tatu iliyofunikwa, akatoka bila neno kama adabu inavyotaka. Gauthier akafunua. Kuku hakuwemo. Badala yake kulikuwa na vipande vinene, vya rangi ya udongo, laini, vikitoa harufu ya pilipili. Vitu hivyo alikwisha kuviona sokoni, na kila mara alivipita upesi.

"Nini hii?" alinong'ona.

"Saucisson ya nyama," alisema Aristote, kwa uhakika wa mtu asiyejua. "Kula, basi. Na mi niko na njala." Maana msindikizaji haanzi kabla ya mkwe.

"Imebakia siku saba, Aristote."

"Mama mukwe iko pale jikoni! Joëlle hatajua, nitamwambia ni mi nilikula yote."

Gauthier alipiga hesabu. Akila, amemdanganya Joëlle. Asipokula, amemtukana mama yake. Alikuwa amemaliza ng'ombe mzima, na sasa mkia ulikuwa mezani ukimtazama. Mwishowe akala bukari kwa lenga-lenga, akafunika ile sahani ya tatu, akairudisha kama ilivyokuja. Aristote alikaribia kulia.

Sahani ilichukuliwa. Kisha Joëlle akatokea mlangoni, macho mekundu.

"Juu ya nini umefanya vile? Mama iko nalia! Alitwanga kalanga siku mbili. Mama mukubwa alituma mizizi toka Kasomeno. Kuku ile, alikatala kuichinja, juu ya we, juu haukuli nyama. Na we unarudisha kikanda yake?"

"Kikanda?" Gauthier aliuliza. "Haiko saucisson?"

"Saucisson! Gauthier, iko mizizi ya mu pori na kalanga. Hakuna hata fretin!"

Gauthier akamgeukia Aristote. Aristote akawa anasoma kalenda ukutani.

"Nilizani iko nyama," Gauthier alisema polepole. "Na nilikuambia hadi Pasaka."

Joëlle alimtazama kama mtu aliyekuta gita limetolewa ukutani na linapigwa vizuri.

"Ulijua mama atakasirika, na ulirudisha tu?"

"Nilijua. Niliogopa sana."

Joëlle alirudi jikoni karibu anakimbia. Zikasikika sauti mbili za chini, kisha moja ikapasuka kwa kicheko kikubwa, cha mwanamke mwenye kifua kipana, kicheko kilichotikisa masufuria. Sahani ikaja tena, na safari hii Joëlle alikuwa ameongeza vipande.

Wakala. Kikanda kilikuwa na ladha ya karanga, ya pilipili, na ya kitu cha porini ambacho Gauthier hakuwa na jina lake. Aristote alishindwa kwenye kipande cha tano. Gauthier aliendelea peke yake, taratibu, akafuta sahani kwa bukari ya mwisho mpaka ikang'aa. Alijisikia furaha isiyosemeka.

Sahani ilipofika jikoni, mlango wa nyuma ukafunguliwa, na sauti ya Mama Bwalya ikavuma uani, ikimwambia kuku kila kitu ambacho hakuruhusiwa kumwambia mkwe.

"We kuku, sikia! Mwanaume mwenye aliniogopa, na alilinda tu neno ya mutoto yangu, ule njo mukwe namutaka. Kula bien, kula muzuri, nona. Pasaka ikipita, Jumamosi ya pili, tuko na mariage. Ile siku, njo siku yako ya sufuria."

Joëlle, mlangoni, alitazama chini akitabasamu, wala hakupinga tarehe.

Kuku akazunguka nyumba akidonoadonoa, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya Gauthier. Gauthier, aliyekatazwa kumjibu mama mkwe, aliinama, akaunganisha viganja, akamwambia yule kuku kwa heshima zote, na kwa sauti ya kufika jikoni:

"Aksanti sana, mama."