Jina Alilolilia Mwanangu

Usiku wa jana niliota nikiwa nimelala kitako, mtoto kifuani, maana tangu azaliwe hajanyamaza. Hanyonyi vizuri, anakonda. Mama mkwe anasema analilia jina: kuna mzee wa ukoo anataka kurithiwa, na mpaka aitwe huyo, mtoto hatulii. Tumeyaita majina yote ya kwa mume wangu, Luhende. Analia tu.

Basi ndotoni niko kliniki. Mizani ya kupimia watoto inaning'inia, inanitazama.

"Minza," inaniita, "leo hatupimi watoto. Tunapima majina."

Majina yamekaa kwenye benchi. Kabula, jina la waliozaliwa mvua ikinyesha, amelowa mpaka benchi linachuruzika. Kashindye, la waliotanguliza miguu, anaingia kwenye mizani miguu mbele. Doto amegoma kupimwa mpaka pacha wake Kulwa atangulie, na Kulwa kaenda chooni.

Kila jina likipimwa, mwanangu analia tu.

"Lake halipo hapa," inasema mizani. "Nenda bomani, kwenye kumbukumbu za zamani. Pitia chooni, ni karibu."

Nasukuma mlango wa choo, natokea bomani. Kabati la chuma linafungua droo kama mtu anayepiga miayo. Ndani wamepangwa wanaume, wembamba kama njiti za kiberiti, kila mmoja na kichwa chake.

"Wanawake wako wapi?" nauliza.

"Humu waliandikwa waliolipa kodi ya kichwa," linajibu kabati. " Wanawake hawakulipa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawana vichwa. Chungulia dirishani mwenyewe, usinichoshe."

Nikachungulia.

Uwanja mzima ni wanawake, kanga zimefuliwa vizuri, wengine na watoto mgongoni, na juu ya mabega yao hakuna kitu. Wanapiga soga kama wako kisimani. Mmoja anachota ugoro kwenye kikopo, anaupeleka pale ambapo pua ingekuwa.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Unavutaje na pua huna?"

"Marahaba. Hilo kamuulize karani wa kodi." Akapiga chafya, mabega yakaruka. "Wewe si mjukuu wa Nyanzobe? Huyo Nyanzobe nilimzaa mimi."

Nyanzobe ndiye mama yake mama yangu.

"Mtoto ananililia mimi," akasema. "Mnaita watu wa kwa baba yake asubuhi hadi jioni, kwa mama yake mnaparuka kama dimbwi."

"Sikulijua jina lako, bibi."

"Hukuuliza."

Kweli, sikuwahi kumuuliza mama. Hata siku moja.

"Sasa uliza basi, mkono unaniuma na kikopo hiki!"

"Unaitwa nani?"

"Mbuke."

"Mbuke," nikaita.

Pale mabegani kikachomoza kichwa, taratibu, kama uyoga. Sura yake ni ya mwanangu. Mdomo wazi, analia kilio kilekile, huyu kule na huyu kifuani kwangu, sauti moja. Nataka kukimbia, miguu haitaki. Halafu midomo yote miwili ikafumba.

Bibi akamshika mwanangu mkono, akamkunja vidole kimoja kimoja juu ya kitu.

Kilichoniamsha ni ukimya. Kumekucha. Mama mkwe amesimama mlangoni, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Mbona halii? Mungu wangu, Minza, anapumua?"

"Anapumua, mama. Anaitwa Mbuke."

"Mbuke ndiye nani? Kwetu hakuna Mbuke."

"Kwetu yupo."

"Kwenu! Tangu lini mtoto wa Luhende akaitwa jina la kwenu? Hebu mlete hapa."

Akamchukua. Mtoto akapiga chafya, nzito, ya mtu mzima. Mama mkwe akamfuta pua, akamkunjua ngumi ili amfute na mkono, akaganda.

Katika nyumba yetu hakuna anayevuta ugoro. Kile kiganja kidogo kilikuwa nao, mweusi, bado unanukia magadi.

Mama mkwe alitazama kiganja, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Mtoto naye akamtazama, ametulia tuli, kama anayesubiri kitu.

Mama mkwe akapiga goti, mtoto mikononi.

"Shikamoo," akamwambia.