Kicheko cha Kuazima

Kishindo kilikufikia ukiwa bado barabarani, kabla hujaliona hata bomba la moshi la kiwanda: mashine za kufumia zikigonga kwa pamoja mpaka vikombe vinacheza mezani kwa majirani. Humo, mjini Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ndimo walimofanya kazi mama yangu na dada yake, Mama Mkubwa Nora.

Ndani ya kelele ile sauti ya mtu haikufaa kitu. Wanawake walizungumza kwa midomo tu, na mwenzao wa upande wa pili akayasoma maneno usoni. Walitaniana hivyo kutwa nzima na wakacheka hivyo hivyo: mabega yanaruka, machozi yanatoka, sauti hakuna.

Mimi niliingia kufagia pamba nikiwa kijana mdogo. Nikaanza kutunga mashairi ya kumkejeli msimamizi na kuyabandika kwenye mlango wa choo. Hakuna aliyenifundisha vina. Beti zile zilinifukuzisha kazi, na mpaka leo nasema zilikuwa nzuri.

Mchekeshaji mmoja wa klabu ya wafanyakazi aliziomba, akazisema jukwaani, akataka nyingine. Jina langu likasambaa mpaka redio ikanipa nusu saa ya majaribio: mchezo wangu mwenyewe, kuhusu wafumaji wawili wanaomgomea bosi. Mchezo ukichekesha, tutapewa msimu mzima wa vipindi. Usipochekesha, basi.

Tuliurekodi Manchester, mbele ya watazamaji. Viti nilivijaza watu wangu, mabasi mawili ya wafumaji, Mama Mkubwa akiwa mstari wa mbele na kofia yake ya mazishi.

Nilisimama pembeni ya jukwaa nikiwatazama. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisika. Mmoja alijiziba uso kwa mkoba. Nikajua tumeshinda.

Bwana Lyle, mtayarishaji kutoka London, alikuwa nyuma ya kioo, vidude vya kusikilizia masikioni, kichwa kimeinamia mashine ya kurekodia. Mchezo ulipokwisha akatoka uso umemshuka.

"Pole, Wilf. Makaburini kuna kelele kuliko hapa."

"Wamecheka mpaka wamelia! Hukuwaona?"

"Nani anaona redioni, bwana mdogo?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Katika Uingereza nzima nilikuwa nimewachagua watu wasiojua kucheka kwa sauti.

Lyle alikuwa na dawa yake. "Ninacho kicheko nilichokirekodi kwenye kipindi cha juma lililopita. Tutakibandika juu ya mchezo wako. Nani atajua?"

"Kicheko cha nani?"

"Cha watu wa London. Wakubwa wa redio wakikisikia, msimu ni wako. Wasipokisikia, wataitupa kazi yako."

"Waitupe. Hawa wamecheka chao. Huwezi kuwavua ukawavika cha wengine, kama nguo za msaada."

"Una kiburi sana kwa mtu aliyekuwa anafagia pamba."

"Nilikiokota humo humo kwenye pamba."

Akafunga mkoba wake, akaondoka. Msimu wangu ukaondoka naye.

Nje, wanawake walikuwa kando ya mabasi wakila chipsi zenye siki. Mama Mkubwa alikuwa bado anajifuta macho.

"Haya, mwanangu, lini tutajisikia redioni?"

Nikamweleza. Akanipiga kofi begani.

"Mjinga wewe! Si ungemwachia akibandike? Sasa utakula nini, mashairi?"

"Nitakula mashairi."

"Utakonda!" Wenzake wakatikisika mabega. Yeye hakucheka. Aliikunja karatasi ya chipsi. "Yule mwigizaji mwembamba aliyeniigiza mimi, alinipatia kabisa. Nilitaka London wanijue."

Maneno ya Lyle hayakunigusa, lakini hayo yalinichoma. Nikamshika mikono, siki na yote.

"Watakujua. Siku hizi kuna televisheni. Nitaandika mchezo mwingine, niupeleke huko, na kamera itageuzwa kwenye nyuso zenu mkicheka, la sivyo siwapi watu wa televisheni hata mstari mmoja. Nakuahidi, Mama Mkubwa, na hawa wote mashahidi."