Sala ya Mwalimu Manase

Mwaka 1954, Mwalimu Manase alianzisha chama pale Njombe cha kuwashauri bure watu waliolemewa na madeni. Siku moja Tabea, mjane wa usharika wake, alimletea hati ya mabati aliyoyakopa dukani Makambako.

"Mwalimu, hata wanangu hawajui," alisema.

Manase akamwahidi kwamba hatamwambia mtu.

Jumapili, akiongoza sala, huruma ilimzidi. "Bwana, mkumbuke Tabea na deni lake la mabati."

Kanisa zima likageuka kumtazama. Tabea alijitanda kanga yake, akatoka, na wanawe wakamfuata vichwa chini. Ndipo Manase akatambua alichofanya. Akashindwa hata kusema amina.

Kesho yake alikwenda kwa Tabea. Mama huyo alimpa kigoda, akamletea na togwa.

"Kamwene, Mwalimu," alimsalimu.

"Kamwene, mama. Nimekuvua nguo mbele za watu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila hati yangu nirudishie."

Manase aliitoa mfukoni, akampa kwa mikono miwili, asithubutu kumtazama.

Jumamosi alifungua mlango wa chama kama kawaida, akakaa hadi jioni. Hakuja mtu, wala hakuona wa kumlaumu ila nafsi yake.