Mama Kaamka Manjano

Nisikuweke roho juu: mama mkwe wangu mzima. Jana kala, kalala, na leo asubuhi kanigombeza kwa kuacha dirisha wazi. Nilivyoisikia ile sauti ikinigombeza, nilitamani nimrukie nimbusu. Kwa hiyo haya ninayokusimulia yasikilize kwa raha zako, maana sisi tuliyapitia bila raha hata chembe.

Mimi na wifi yangu, binti yake, tuna studio ya kusafisha filamu hapa hapa nyumbani. Ndiyo, filamu, zile za mkanda. Watu wanadhani zilikufa, hazijafa. Maharusi wenye madoido, wanafunzi wa sanaa, wazee wasioamini simu, wote wanatuletea sisi. Mashine yetu ni ya zamani, ndefu kama kabati lililolazwa, na ina tabia za mtu mzima: ukiitunza inakutunza, ukiizembea inakuaibisha mbele ya watu. Filamu inaingia upande mmoja, inavutwa na roli za mpira kupita tangi moja la dawa hadi jingine, inatokea upande wa pili imekauka. Dawa ya tangi la kwanza ndiyo yenye makuu. Ikipoa kidogo tu, picha zinafifia. Ikizidi joto, zinakolea kupita kiasi. Na ikidondokewa na tone la dawa ya tangi linalofuata, basi tena, imwage yote.

Wifi ndiye mlezi wa mashine. Nimembatiza Kipimajoto, kwa sababu hapiti karibu na tangi bila kukichovya. Kila jioni anazitoa roli, anazisugua kwa brashi laini na maji ya uvuguvugu, na ole wako umsemeshe. Mimi kazi yangu ni rangi. Naitazama picha, naamua imekaa sawa au haijakaa, na jicho langu linajulikana mji mzima, wifi asikudanganye.

Sasa utajuaje mashine imeamka vizuri kabla hujaitia filamu ya mtu? Zamani tulikuwa tunanunua vipande vya majaribio kutoka kiwandani. Vilipoadimika tukajitengenezea wenyewe. Kipimo chetu ni mama. Tunamkalisha barazani, kivulini, asubuhi jua likishakolea, kwenye kiti kilekile, gauni lilelile la buluu, ukuta wa saruji nyuma yake, kitambaa cheupe mapajani. Wifi anammalizia mkanda mzima, picha moja mara nyingi, tunauweka kwenye friji. Kila siku kabla ya kufungua tunakata kipande gizani, tunakipitisha kwenye mashine, nakichapa, na wifi ananiuliza, “Mama kaamkaje?” Nikisema kaamka vizuri, tunafungua mlango. Nikisema kaamka kijani, hakuna filamu ya mteja itakayoguswa mpaka dawa irekebishwe. Kuna mteja mmoja alitusikia tukiulizana hivyo, akaenda zake akarudi na mfuko wa machungwa ya mgonjwa. Tuliyala, tungefanyaje?

Mama mwenyewe hakulipenda zoezi hilo. “Mnanipiga picha kama mwizi wa kuku,” alikuwa anasema, lakini anakaa.

Mkanda wa zamani ulipoisha tukapiga mpya. Kipande cha kwanza cha mkanda huo, mama kaamka manjano.

“Wifi,” nikasema, “dawa yako umeifanya nini?”

“Dawa yangu haina neno. Kapime macho.”

“Macho yangu ndiyo yanayokulisha.”

“Ala! Na mikono yangu je, inayosugua hayo maroli usiku na mchana? Inakula hewa?”

Basi tukanuniana. Lakini kazi ni kazi. Wifi akapima joto, liko palepale panapotakiwa. Akazitoa roli zote, akazikagua moja moja kwenye mwanga, akakwangua hata chumvi zisizokuwepo. Kesho yake mama manjano. Akaimwaga dawa ya tangi la kwanza, ambayo wala haikuwa imechoka, akachanganya mpya huku midomo imemtoka kama anayenyonya ndimu. Mama manjano. Nikamwambia labda maji ya bomba yamebadilika. Akachemsha maji, akayachuja. Manjano ileile.

Hapo nikaingia mwenyewe. Mashine ya kuchapia ina vitufe vya rangi; nikapunguza manjano, nikaongeza buluu, kidogo kidogo, mpaka mama akarudi kuwa mama. Nikapiga makofi. “Umeona?” nikamwambia wifi. “Wewe unahangaika na mandoo, mwenzako katumia akili.” Tukafungua mlango, tukachapa picha za watu wiki nzima kwa rangi hiyo ya akili zangu.

Aliyetuumbua ni bwana harusi. Alikuja na bahasha yetu, mkewe nyuma yake kakunja mikono.

“Dada,” akasema kwa upole wa kutisha, “huyu ni mke wangu?”

Nikatazama. Lo! Bibi harusi kawa wa buluu. Gauni la buluu, meno ya buluu, hata keki ya buluu.

“Mbona kama katolewa mtoni?” akauliza.

“Wiki nzima ndugu zangu wananiuliza nilikuwa naumwa nini,” mke akadakia.

Niliomba radhi mpaka koo likakauka. Nikaahidi kuzichapa upya zote. Walipotoka nikamgeukia wifi nikitegemea kuchekwa, lakini yeye alikuwa kainamia friji, kichwa chote ndani, anapekua. Akaibuka na kopo dogo jeusi. Ndani kulikuwa na kipande cha mwisho cha mkanda wa zamani, kilichokuwa kimejificha nyuma ya barafu.

“Rudisha vitufe vyako kama vilivyokuwa,” akasema. “Tuone mbaya ni nani.”

Nikarudisha. Tukakipitisha kipande kile, mashine ileile, dawa ileile. Nikakichapa. Mama kaamka vizuri, sura yake yote, kama siku tuliyompiga.

Wifi akaruka. “Nilisema! Mashine yangu nzima! Dawa yangu nzima! Mkanda mpya ndio mbovu!” Akaanza kucheza pale pale kati ya matangi, na taulo begani.

Na mimi nilitaka kukubali, wallahi. Ilikuwa inatufaa sote. Tutupe mkanda, tumpige mama upya, yaishe. Nikaziweka picha mbili sambamba juu ya meza, ya zamani na mpya, kwa vitufe vilevile, ili niutukane huo mkanda mbovu vizuri. Kitambaa cha mapajani: huku cheupe, huku cheupe. Ukuta: huku kijivu, huku kijivu. Gauni: buluu na buluu. Nikatazama tena, polepole. Filamu mbovu haichagui. Ikiharibika inaharibu kila kitu. Hapa kilichobadilika kilikuwa kimoja tu. Na mimi, mwenye jicho linalojulikana mji mzima, nilikuwa nimezoea kuangalia uso tu, kitambaa nikakisahau.

“Wifi, acha kucheza.”

“Niache nicheze.”

“Acha, nakwambia.”

Nikaukuza uso. Macho ya mama, pale panapotakiwa kuwa peupe, palikuwa kama kiini cha yai.

Wifi akaja, akatazama. Taulo likamdondoka. “Huu siyo mkanda,” akasema. “Huyu ni mama.”

Tulitoka mbio. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi aliziacha roli zimelowa kwenye dawa na asigeuke nyuma.

Tulimkuta mama chumbani kwake. Mle ndani kuna pazia la rangi ya chungwa na taa yenye mwanga wa manjano, hata sisi tukiingia tunafanana naye. Ndiyo maana tulikuwa tunakula naye humo kila jioni na hatuoni kitu; na siku ya kumpiga picha barazani tulipima mwanga, hatukumtazama yeye. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, na sisi tulikuwa nayo manne. Tukamtoa nje kwenye jua, wifi akamfunua kope.

“Mama, tangu lini?”

“Tangu lini nini? Ngozi inaniwasha kidogo, na chakula hakipandi. Uzee huo.”

“Na mkojo?” nikauliza.

“Alaa! Mkwe wangu unaniuliza mkojo barazani?”

“Nisamehe mama. Ukoje?”

Akaangalia pembeni. “Kama chai ya rangi,” akasema kwa sauti ndogo.

Hospitali, daktari hakuhitaji maneno mengi. Kuna jiwe limeziba njia ya nyongo, akasema, na homa imeshaanza ndani kwa ndani. Linatolewa leo hii. “Mngengojangoja,” akasema, akaniangalia, asimalizie. Wakamchukua.

Tulikaa kwenye benchi mimi na wifi, hakuna utani, hakuna Kipimajoto. Nilikuwa naogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa. Nilichokuwa nakiwaza ni vile vitufe. Ningeendelea kuchapa kwa vitufe vile kila asubuhi, na mama angeendelea kupendeza kwenye karatasi huku akituponyoka nyumbani, na mimi nikipiga makofi. Nilimwambia wifi. Akanishika goti, akasema, “Na mimi nilikuwa nasugua roli.”

Daktari alipotoka alisema neno moja, “Limetoka,” na mengine yote aliyoyaongeza sikuyasikia. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu studio. Wifi alimkumbatia daktari, akamkumbatia nesi, akamkumbatia na mzee aliyekuwa anasubiri majibu yake.

Tulipoingia wodini siku iliyofuata, macho ya mama yalikuwa yameanza kutakata. Tukamweleza yote, kuanzia kipande cha kwanza hadi bibi harusi wa buluu. Alicheka akishika tumbo. Halafu akaacha kucheka.

“Kwa hiyo mliniona naumwa, mkasafisha mashine?”

“Ndiyo, mama.”

“Mkamwaga dawa.”

“Ndiyo.”

“Mkaniongeza buluu.”

Nikainamisha kichwa.

“Na mimi nipo chumba cha pili, hakuna aliyekuja kuniuliza.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira tungejitetea. Wifi akaanza kulia, nami nikamfuata, watu wazima wawili juu ya kitanda kimoja cha hospitali.

“Sasa mnalia nini,” akasema mama, “na mimi nimepona?”

“Hicho hicho, mama,” nikamwambia. “Tunalia hicho hicho, kwamba umepona.”