Fimbo Bila Gofu

Kwa miaka kumi na tisa nilipeleka chai katika ofisi ya Waziri wa Fedha, na nikawahudumia mawaziri watano. Huyu wa tano ndiye aliyekuwa akiacha vijiti vya meno kwenye kisahani. Anachokoa, anakitazama kilichotoka, anakitazama tena, kisha anakilaza kijiti pembeni ya kikombe nije nikiokote. Nilizoea mengi mle ndani, hilo sikulizoea.

Nyumbani tuko wawili, mimi na mzee wangu. Macho yake yalizimika akiwa na miaka arobaini na mbili, lakini miguu haikuambiwa. Kila asubuhi, saa moja kasorobo, anashika fimbo yake nyeupe, ile nyepesi inayokunjika mara nne, anakwenda peke yake hadi karakana anakosuka viti vya kamba. Ni hatua mia sita na kumi na mbili, na makutano mawili ya barabara. Nikitaka kumsindikiza ananiambia, "Mama watoto, kaa na chai zako. Mimi si gunia." Mambo mengine yote alishakubali kufanyiwa, hata kukatwa kucha. Kutembea, hapana.

Sasa, msimu wa bajeti ofisi ile huwa kama jikoni kwenye harusi. Wizara zote zinaleta maombi yao, huyu anataka dawa, huyu anataka lami, na Waziri wa Fedha ndiye anayesema nani apate na nani angoje mwakani. Kisha anaandika ushuru utatoka wapi, anaubeba mkoba wake kwenda bungeni, anasoma. Wabunge wakishapitisha, watu wa forodha wanafuata neno kwa neno, nukta kwa nukta. Hayo nimeyajua kwa kusimama na birika, maana aliyeshika birika hakuna anayemwona.

Siku ya hotuba tulitazama kwenye televisheni ya ukumbini, mimi na sekretari wake. Akafika kwenye ushuru mpya wa vitu vya anasa. Akasoma, "Manukato, mvinyo, vito, fimbo." Akafungua ukurasa kwa kidole alichokilamba.

"Fimbo gani tena?" nikauliza.

Sekretari akainamisha kichwa, akasema ana barua za kuchapa.

Wiki tatu baadaye baiskeli ilipita juu ya fimbo ya mzee wangu pale makutano ya pili, ikakatika kwenye kiungo. Aliifunga kwa kamba ya viti ikawa inalegea kama mkia. Nikaenda kwenye duka la chama cha wasioona. Fimbo mpya zilikuwapo, zimefika juzi kutoka nje, lakini bei ilikuwa imeruka hadi miezi miwili ya viti vyake. Muuza duka akanionyesha karatasi ya forodha. Palikuwa na muhuri, na chini yake neno moja: anasa.

"Bibi, nimebishana nao mpaka sauti imekauka," akasema. "Wanasema sheria imetaja fimbo, na hii ni fimbo."

Kesho yake nilimbana sekretari pale kwenye kabati la vikombe.

"Mwanangu, hotuba uliichapa wewe. Fimbo ile ni ipi?"

Alitazama mlango, akatoa rasimu ya kwanza chini ya droo. Wataalamu walikuwa wameandika vizuri tu: *fimbo za gofu*. Na juu ya maneno mawili ya mwisho ulipita mstari wa wino wa kijani. Wino wa kijani mle ofisini anatumia mtu mmoja tu.

"Nilimuuliza kama nilifute na neno fimbo," akanong'ona. "Akasema liache, orodha isionekane imepungua."

Basi nikaelewa. Halikuwa kosa la bahati mbaya. Mfuko wake wa fimbo za gofu ulikuwa umesimama kona ya ofisi, mimi mwenyewe huupangusa vumbi kila Ijumaa.

Saa nne nikaingia na chai, nikafunga mlango.

"Mheshimiwa, nina neno."

"Sema, Bibi Chai. Sukari imeisha?"

"Ni ile fimbo ya kwenye anasa. Forodha wanatoza ushuru fimbo za vipofu."

Akacheka kwa pua. "Hao nao. Wanasoma kama watoto wa chekechea."

"Wanasoma kilichobaki. Maneno mawili yamekatwa."

Kijiti kikasimama mdomoni. "Nani kakuonyesha?"

"Takataka za ofisi hii namwaga mimi, Mheshimiwa."

Akaegemea kiti, akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. "Bibi, uielewe kazi yangu. Waziri wa Fedha anavutwa na kila mtu. Wale ninaocheza nao pale uwanjani ndio wanaoikopesha serikali. Siwezi kuwatia kidole machoni."

"Kwa hiyo umewatia wasio na macho."

"Una maneno, wewe." Alitabasamu, na kwenye jino lake la mbele palikuwa na kipande cha biskuti. "Kulirekebisha maana yake nirudi bungeni niseme nilikosea. Mimi nikisema nimekosea, wafanyabiashara wanaingia hofu. Mwakani tutaangalia."

"Mzee wangu anatembea leo, Mheshimiwa."

Akanyanyuka, akachomoa fimbo moja kwenye mfuko wake. "Basi mpelekee hii. Chuma kitupu, haivunjiki. Zawadi yangu."

Nikaipokea. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko vijiti vyote. Mikono yangu miwili ilipokea, na mdomo wangu ukasema ahsante.

Mzee wangu aliipapasa kuanzia mpira wa juu hadi chini.

"Ina kwato," akasema. "Ya nani?"

"Ya Waziri."

"Anachunga nini?"

"Mpira."

Hakucheka. Aliijaribu uani, kwato ikanasa kwenye kizingiti, akaanguka kwa magoti yote mawili. Nilipomwinua akanirudishia. "Hii imetengenezwa kupiga. Kuuliza njia haijui." Siku hiyo hakwenda karakana. Wala siku ya pili. Alikaa kitandani amevaa viatu, kamba za viatu amezifunga, mikono juu ya mapaja.

Ijumaa Waziri alikuwa na wageni wanne. Nilipanga vikombe kwenye trei, nikailaza fimbo ile juu yake, nikaingia.

"Mheshimiwa, mzee amekushukuru. Anasema irudi kwa wenye macho."

Mgeni mmoja, mwenye kitambi kilichokaa mezani kabla yake, akaitambua. "Hii si ya kwako? Ndizo zile ulizozikwepesha ushuru?"

Wakacheka wote. Hakuna aliyeangalia pembeni, hakuna aliyekohoa. Waziri ndiye aliyecheka zaidi, akachokoa jino, akalaza kijiti kwenye kisahani.

Nikakichukua kisahani. Vilikuwa vijiti vitatu, vimelowa. Nikakiweka juu ya faili lililokuwa wazi mbele yake.

"Na hivi ni fimbo, Mheshimiwa. Vilipie ushuru."

Kicheko kikakatika. Sikungoja kuambiwa. Nilikwenda stoo, nikavua aproni nikaitundika msumarini, nikafungua mpini wa dekio lililosugua sakafu ile miaka yote, nikatoka nao.

Mlinzi wa getini akanisimamisha. "Bibi, unakwenda wapi na mpini wa serikali?"

"Ni fimbo hii, baba. Ukitaka kuizuia, waite forodha."

Alikuwa ameisikia hotuba, yule. Akafungua geti.

Nikauosha mpini kwa sabuni mara tatu, nikaupaka rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka dirisha. Jumatatu mzee wangu akaushika, akaupeleka puani.

"Mama watoto, huu unanuka."

"Ni rangi."

"Rangi naijua. Nasema chini ya rangi."

"Ni harufu ya ofisini kule. Haitoki."

Akagonga sakafu, akagonga kizingiti, akasikiliza. "Mzito," akasema. "Lakini unauliza."

Akatoka peke yake, saa moja kasorobo. Nilisimama mlangoni nikimhesabia hatua hadi makutano ya kwanza. Kisha nikaingia ndani nikanawa mikono tena.