Namba Tatu

Kazi ya kuchapa ankara za maji ilikwama katikati. Badala ya kuendelea pale ilipokatikia, mtu fulani aliiamuru kompyuta kuu ianze upya, na nusu ya mji ikapata ankara mbili mbili.

"Uzembe wa opereta huu!" meneja alifoka mdomo umejaa sambusa, makombo yakidondokea kibodi.

Dada Mkubwa, kiongozi wa zamu, aliyatazama makombo yale, kisha akainua macho. Ujumbe wa kosa ulikuwa bado kwenye skrini, na mwishoni mwake palikuwa na namba ya kuonyesha amri imetoka wapi. Moja ni meza ya opereta, mbili ni programu yenyewe, tatu ni ofisi ya meneja. Hapo palisomeka tatu.

"Bosi, amri hii imetoka ofisini kwako."

Meneja hakupepesa hata jicho. "Basi rekebisheni mwongozo. Kuanzia leo, tatu ni hitilafu ya umeme." Kisha akamgeukia opereta aliyesimama kando, kwa sauti ya baba mwenye huruma. "Na wewe, nimekusamehe."

Kama ni umeme, anasamehewa nini? Dada Mkubwa alisubiri opereta aseme, au angalau acheke. Kijana huyo alizijua vizuri namba zile. Dada Mkubwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Opereta aliudaka mkono wa meneja wenye mafuta ya sambusa kwa mikono miwili, akainama. "Ahsante sana, mzee. Mungu akuzidishie."

Dada Mkubwa alichukua kitambaa, akaifuta kibodi mpaka ikang'aa. Opereta alipokuja kumpa na yeye mkono, akamkabidhi kile kitambaa.