Con Hanratty Alivyoshinda Akanasa

Abadilishwe na nani? Enzi hizo, mjukuu wangu, mrushaji wa besiboli habadilishwi hivihivi. Ukianza kurusha unamaliza mwenyewe, labda uumie, na hata ukiumia lazima nahodha wa wale wengine akubali kwamba kweli umeumia. Sasa huyo nahodha akubali, kwani ana wazimu?

Ndivyo alivyobanwa Con Hanratty. Na si kwamba alikuwa mrushaji wa hovyo, la! Pande zile zote za mto Blackstone hakukuwa na kama yeye. Mpira wake ulikuwa unalia hewani. Barney, mdakaji wake, alikuwa anaudaka kwa mikono mitupu, vidole vimempinda kama tangawizi. Lakini msimu ule mrushaji mwenzake alitoroka, ulevi tu ule, Con akabaki peke yake. Leo anarusha, kesho anarusha, mpaka bega likawa kama mlango uliong'oka bawaba.

Na kuhama hawezi. Mwenye timu, Bwana Pruitt wa kiwanda cha pamba, akishaliweka jina lako kwake, limewekwa, mwaka hadi mwaka. Hakuna timu nyingine itakayothubutu kukugusa. Timu ya kwao ilikuwa inamtaka. Mkewe, Nonie, alikuwa mja mzito, anataka akazalie kwa mama yake hukohuko. Con akaenda kuomba, akaomba tena, mwishowe Bwana Pruitt akamwambia:

"Nishindie mechi ya mwisho, nichukue ubingwa, nami nalifuta jina lako."

Nonie akafunga masanduku.

Basi, mechi iko katikati, Con na wenzake wanaongoza kwa pointi moja tu, mkono ukagoma. Ukaning'inia huo, kama wa mtu mwingine. Akaitwa Gus Oberholtz, nahodha wa wapinzani, jitu la masharubu. Akaubonyezabonyeza.

"Mbona upo? Mimi nilidhani umedondoka."

"Gus, ndugu yangu, siwezi hata kuuinua."

"Basi rusha kwa meno." Wenzake wakaangua kicheko. "Rudi kazini, Hanratty. Leo tunakutafuna."

Afanyeje? Akarudi. Akawa anautupa mpira polepole, mpira wenyewe unaelea kama unyoya. Na wale walishajiandaa kwa mpira wa moto. Mtu anazungusha gongo kwa nguvu zake zote, gongo limeshapita, mpira bado uko njiani!

"Wee Con, mpira umesimama kunywa chai?" mmoja akapiga kelele, na huku mwenyewe ameshaukosa mara tatu, ametolewa.

Mpaka mwisho ikawa hivyo. Wakashinda. Watu wakarusha kofia juu. Con hakungoja hata kupongezwa, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Pruitt.

"Bosi, jina langu."

Pruitt alikuwa anacheka mpaka machozi. "Jina lako? Mtu anashinda bila mkono, halafu nimwachie aende akanishinde mimi mwakani?"

"Ulisema, bosi."

"Nilisema. Nilijua mkono umekwisha, Con. Ungeshindwa leo, ningekufuta bila hata kuombwa." Akampiga begani, bega lilelile. "Pumzika. Tutaonana majira ya kuchipua."

Con akatembea mpaka nyumba ya Mama Tuohy walikopanga wachezaji. Barney na wenzake nyuma yake, hakuna anayeimba. Wakamkuta Nonie amekaa juu ya sanduku, kofia kichwani.

"Vua kofia, mke wangu."

Nonie akamwangalia. "Mmeshindwa?"

"Tumeshinda."

 Nonie akamtazama Barney, Barney akainamisha kichwa, na hapo akaelewa. Hakulia. Akachomoa pini ya kofia, taratibu, akaichomeka kwenye kitambaa cha sanduku.

"Mabingwa gani wanaosimama mlangoni kama wadai?" Mama Tuohy akafoka kutoka jikoni, huku amebeba sinia la nyama ya chumvi na kabichi. "Ingieni, inapoa!"

Nonie akavuta sahani ya mumewe, akaanza kumkatia nyama vipande vidogovidogo. Wengine wakaburuta viti, mmojammoja, wote wakakaa, wakala.